Kufunga saa 16 kwa siku: uzito ulishuka wiki ya kwanza, sasa umeganda. Kosa liko wapi?

Bi_Kimara:

Habari za leo wadau. Naomba msaada wa wanaoijua vizuri hii kufunga kwa vipindi, ile ya saa 16 bila kula na saa 8 za kula.

Takwimu hizi hapa ili anayejibu awe na pa kushika. Mwanamke, miaka 38, urefu sentimita 162, uzito wa kuanzia kilo 88. Kisukari hakuna, presha 128 kwa 82, dawa yoyote hakuna. Kazi ya mezani, Posta. Saa za kula ni saa sita mchana mpaka saa mbili usiku. Asubuhi saa moja ni chai ya maziwa kikombe kimoja, sukari vijiko viwili, bila kitafunwa. Mchana wali maharage au wali nyama kwa mama lishe, na glasi ya juisi. Saa kumi karanga kidogo. Usiku ugali na samaki wa nazi au mboga, saa moja na nusu hivi, na kulala ni saa tatu na nusu.

Wiki ya kwanza mzani ulishuka kilo 2.3. Wiki ya pili gramu 300. Ya tatu na ya nne, sifuri. Kichwa kinauma kuanzia saa nne asubuhi, choo kimekuwa kigumu, na usiku kiungulia.

Ninachouliza: niongeze saa za kufunga zifike 20? Chai ile inavunja mfungo au la? Na maji ya moto yenye ndimu au siki asubuhi yanasaidia kweli kuyeyusha mafuta?

Afisa_Lishe_Moro:

Dada, usiongeze hata saa moja. Shida yako haiko kwenye saa, iko kwenye kikombe na kwenye sufuria. Tufanye hesabu.

Tuanze na zile kilo 2.3. Mwili huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, kama gramu 100 kwenye ini na 400 hivi kwenye misuli, na kila gramu hukaa na maji ya gramu 3 hivi. Chakula kikipungua ghafla akiba hiyo inaliwa, maji yake yanatoka na mkojo. Insulini, homoni inayosimamia sukari, nayo ikishuka, figo hutoa chumvi na maji zaidi. Utumbo pia unabeba mzigo mdogo kuliko ulivyozoea. Ndiyo furaha ya wiki ya kwanza hiyo, na karibu kila anayeanza huipata. Mafuta ni habari nyingine. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Kuyeyusha kilo 2.3 za mafuta kwa siku saba kungetaka upungufu wa kalori 2,500 kila siku, na mwili wako kwa siku nzima hautumii hata hizo.

Unatumia ngapi? Chukua uzito zidisha kwa 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, halafu toa 161. (Mwanaume hatoi 161, anajumlisha 5.) Kwako inakuja 1,540 na kidogo, nayo ni ya kuishi tu ukiwa umelala. Mtu wa kazi ya mezani anazidisha kwa 1.3 hadi 1.4, kwa hiyo uko kati ya 2,000 na 2,150. Ukila 1,550 hadi 1,600 utapungua karibu nusu kilo kwa wiki. Usitafute zaidi ya hapo. Wanaoshuka zaidi ya kilo moja na nusu kila wiki wanajiongezea hatari ya mawe kwenye nyongo, na misuli inakwenda pamoja na mafuta.

Sasa kikombe. Chai nusu maziwa nusu maji ina maziwa kama mililita 125, kalori 80. Vijiko viwili vya chai vya sukari, vile vya kilima ambavyo wengi tunachota, ni gramu 12, kalori 48. Jumla karibu 130. Hiyo si chai ya kupoza tumbo, ni mlo mdogo. Ndiyo, inavunja mfungo. Ukihesabu vizuri, mfungo wako unaanza ukimaliza chakula cha usiku, tuseme saa mbili, na unaishia saa moja asubuhi. Ni saa 11. Hizo hufungwa na yeyote anayelala usingizi wake wote.

Saa za kufunga zinaruhusu maji, chai ya rangi isiyo na sukari (tangawizi, mdalasini, iliki na mchaichai weka utakavyo), na kahawa chungu. Basi. Maziwa kijiko kimoja, asali kidogo, maji ya madafu, uji mwepesi, vyote ni chakula.

Halafu sufuria. Pima unga, maana ugali ukishaiva macho hudanganya. Unga wa mahindi mkavu gramu 100 una kalori kama 360. Kilo moja ya sembe ikisongwa na kuliwa na watu wanne, kila mmoja amekula gramu 250, yaani kalori 900 kabla ya kugusa kitoweo. Ukitaka kujua fungu lako, gawa unga kwa idadi ya walaji. Fungu la mtu wa uzito wako anayetaka kupungua ni gramu 100 za unga, kasoro kidogo ya kikombe cha chai kilichosawazishwa kwa kisu. Dona na sembe kalori zake zinakaribiana sana, lakini dona ina pumba, na pumba ndiyo inayolainisha choo. Chagua dona.

Mafuta ya kupikia: kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120. Mchicha uliokaangwa kwa mafuta ya kumimina kutoka kwenye dumu unaweza kuwa na vijiko vinne, na mtu akaamini amekula majani. Tui zito la nazi, kila mililita 100 ni kalori karibu 200. Samaki wako wa nazi ni mzuri, lakini mchuzi unachovya kwa kijiko, humimini juu ya ugali. Karanga kiganja kimoja, gramu 30, ni kalori 170. Kifuko cha gramu 100 ni 570. Umeandika "karanga kidogo", na hilo neno "kidogo" ndilo la kuweka kwenye mzani wa jikoni. Juisi iliyotiwa sukari, glasi ya mililita 300, haikosi 130 hadi 180. Kunywa maji, tunda lile kwa meno.

Ndimu na siki haviyeyushi mafuta. Maji ya moto yenye ndimu hayana ubaya kwa asiye na kiungulia. Wewe unacho, yaache. Siki kwenye tumbo tupu ni mbaya zaidi, na meno nayo hulika.

Kiungulia chako kina sababu iliyo wazi: mlo mkubwa wenye tui na mafuta, kisha kulala baada ya saa moja na nusu. Tumbo linataka saa tatu kati ya tonge la mwisho na mto. Choo kigumu ni upungufu wa maji na makapi, kwa sababu uliondoa mlo mmoja na mboga zake. Kila mlo uwe na majani kikombe kimoja kilichopikwa, maharage au kunde, na papai kipande cha gramu 150 kwa siku. Maji lita 2 hadi 2.5 kwa joto la Dar, nusu lita iwe imeshuka kabla ya saa tatu asubuhi.

Kichwa kuuma saa nne: maji kwanza. Usinywe maji ya chumvi kama wanavyoelekezana mitandaoni, chumvi ya kawaida kwenye milo miwili inatosha. Kiasi cha siku nzima, pamoja na kile kilichomo ndani ya mkate na vitafunwa, kisizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Ukibadilisha chai ya maziwa kwa chai ya rangi, usiache chai ghafla kabisa, maana kukosa kafeini nako huumiza kichwa siku mbili tatu.

Saa_za_Dawa:

Naongezea upande wa dawa. Mwenye mada hatumii yoyote, ila wasomaji wengi wa uzi huu wanatumia na wataiga. Tafadhali someni kipande hiki kabla ya kuanza.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, glibenklamidi au gliklazidi asifunge bila daktari wake kubadilisha dozi kwanza. Dawa hizo zinashusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Dalili ni jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Sukari ikisoma chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani 70 kwa vipimo vya miligramu, mfungo umekwisha hapo hapo. Koroga vijiko vinne vya chai vya sukari, vya kusawazisha, kwenye maji, au kunywa soda ya kawaida mililita 150. Pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini, ikipanda kula chakula. Soda isiyo na sukari haimsaidii mtu huyo, na kosa hilo hutokea mara nyingi nyumbani kwa sababu ndiyo iliyoko kwenye friji ya mgonjwa wa kisukari. Juu nako kuna mpaka: ikifika milimoli 16.6, acha kufunga.

Metformini peke yake haishushi sana, lakini ikinywewa bila chakula tumbo huvurugika, hivyo inakwenda pamoja na mlo. Dapagliflozini na empagliflozini, nazo za kisukari, zina hatari yake: mtu anaweza kupata asidi ya ketoni kwenye damu huku kipimo cha sukari kikisoma kawaida. Kichefuchefu, kuhema kwa kasi na maumivu ya tumbo kwa mtu wa dawa hizo anayefunga ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa za presha za kukojoza kama furosemidi na haidroklorothiazidi, ukichanganya na kufunga na jua, presha inaweza kushuka mpaka ukasimama ukaona giza. Presha hushuka pia uzito ukipungua, kwa hiyo ipime kila wiki na upeleke namba kwa daktari. Usipunguze dozi mwenyewe.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hazinywewi asubuhi tumbo likiwa tupu. Dawa mseto ya malaria inataka chakula chenye mafuta kidogo ili ifyonzwe vizuri, hivyo ukikutwa na malaria vunja ratiba mpaka umalize vidonge vyote vya siku tatu. Mgonjwa wa TB aliye kwenye dozi hafungi, kazi yake ni kuongeza uzito. Mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, mwenye historia ya kujinyima kula au kujitapisha, na yeyote ambaye uzito wake kwa urefu unatoa alama (BMI) chini ya 18.5, hawa wote jambo hili si lao. Mwenye gauti naye aulize kwanza, kufunga hupandisha asidi ya yuriki.

Mwana_wa_Pangani:

Asalaam aleykum. Nimeona wengi huku wanasema "mbona tunafunga Ramadhani mwezi mzima na kilo hazitoki?" Swali zuri, na jibu lake linamsaidia pia dada mwenye mada.

Kwetu Pwani funga ya Ramadhani ni saa 13 na dakika kadhaa, alfajiri mpaka magharibi, bila maji. Saa zinazobaki ni 10 na zaidi, na zote ni za usiku. Futari ni viazi vya nazi, mihogo, magimbi, tambi za sukari, kaimati zilizogaragazwa kwenye shira, sambusa, uji. Saa nne chakula kingine, saa kumi alfajiri daku. Kaimati moja ni unga uliofyonza mafuta kisha ukafyonza sukari. Mtu akila kumi hajapungukiwa na kitu, amehamisha mchana kuuweka usiku. Saa za kufunga zimetimia, hesabu ya chakula iko pale pale au imepanda.

Anayependa kufunga sunna ya Jumatatu na Alhamisi ana ratiba inayofanana kidogo na ile ya siku 5 kwa 2, ambayo siku mbili za wiki mwanamke hula kalori 500 tu na mwanaume 600, siku nyingine tano kawaida. Tofauti ni mbili. Ile ya 5 kwa 2 inaruhusu maji na chai ya rangi mchana. Na siku ya sunna ukifuturu unaweza kula kadiri upendavyo, hapo ndipo hesabu inapopotea. Nia ya sunna ni ibada na ibaki hivyo. Lakini namna ya kufuturu inafundisha kitu: tende tatu na maji, sali magharibi, ndipo urudi mezani. Zile dakika 15 za katikati zinatosha njaa kali kutulia, na mkono unachota kwa adabu. Hata asiye Mwislamu anaweza kuiga saa sita mchana: maji glasi mbili na tunda, subiri robo saa, kisha sahani.

Kwa anayefuata siku 5 kwa 2, kalori 500 zinaonekana hivi: mayai mawili ya kuchemsha 150, maharage yaliyochemshwa nusu kikombe 110, mchicha uliochemshwa sahani nzima 40, samaki wa kuchoma gramu 100, kama 130, papai kipande 60. Hakuna ugali siku hiyo. Usipange siku mbili mfululizo, na usipange siku ya kazi ya kubeba.

Bi_Kimara:

Ahsanteni sana. Nimepima unga jana: sisi ni watano na tunasonga kilo na robo, kwa hiyo ni zile gramu 250 kila mmoja. Chai ya rangi nimeanza leo.

Tatizo ni jioni. Kutoka Posta mpaka Kimara kwa mwendokasi, kufika nyumbani ni saa moja na nusu, na familia inakula pamoja saa mbili kasoro. Kula saa kumi na mbili jioni haiwezekani. Na mchana kwa mama lishe sipimi chochote. Nifanyeje? Halafu kuna anayesema bila kufika saa 16 seli hazijisafishi, ni kweli?

Afisa_Lishe_Moro:

Nianze na la seli. Kujisafisha kwa seli kupo kweli, na Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuonyesha namna kunavyofanya kazi, akichunguza hamira, hii hii ya mkate. Jedwali la mitandaoni linaloonyesha saa ya 12 hivi, saa ya 16 vile, halikutokana na kupima watu. Usiamke usiku kuhesabu saa kwa ajili yake.

Saa zenyewe zina kazi moja kubwa: ni uzio unaozuia kula ovyo. Guangzhou, China, watu 139 wenye unene walifuatiliwa mwaka mzima, matokeo yakatoka 2022. Wote walipunguziwa chakula, wanawake kalori 1,200 hadi 1,500, wanaume 1,500 hadi 1,800. Nusu yao walikula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu, nusu walikula saa yoyote. Wa kwanza walipungua kilo 8, wa pili 6.3, na kitakwimu tofauti hiyo inaweza kuwa ya bahati tu. Kilichowapunguza ni chakula kupungua. Kwa hiyo kama saa 14 za kufunga unaziweza kila siku na 16 unazikosa mara tatu kwa wiki, chukua 14 na moyo wako utulie.

Kula mapema kuna faida yake mwenyewe, hasa kwa sukari na presha: Alabama, Marekani, 2018, wanaume wanane waliokuwa karibu kuingia kwenye kisukari walimaliza mlo wa mwisho kabla ya saa tisa alasiri kwa wiki tano, na insulini na presha zikawa nzuri zaidi bila hata kilo kupungua. Ni watu wachache, lakini mwelekeo ni huo. Kwako wewe si lazima uache meza ya familia. Geuza ukubwa wa milo.

Mchana ndio uwe mlo mkubwa, saa sita. Mwambie mama lishe: "wali nusu, maharage ongeza, mboga ongeza, mchuzi usimwagie juu." Hawakatai, na bei mara nyingi ni ile ile. Wali nusu ni gramu 170 hivi zilizoiva, kalori 210. Maharage kikombe kizima 220, na protini gramu 15. Mboga 100 kwa sababu ya mafuta yake. Kipande cha samaki au kuku asiye na ngozi, gramu 100, kama 150. Hapo una 680 na umeshiba mpaka jioni. Siku za wali nyama angalia mchuzi: ule wekundu unaoelea juu ni mafuta, inamisha sahani uyaache pembeni.

Saa kumi na moja, kabla ya kutoka kazini, kula kitu chenye protini ili usifike nyumbani ukiwa na njaa ya kufagia sufuria. Mtindi usio na sukari mililita 200, kalori 125, pamoja na yai moja la kuchemsha, 75. Karanga ziwe kiganja kimoja siku ambayo hakuna mtindi.

Saa mbili kasoro usiku kaa na familia: ugali wa gramu 70 za unga, 250, samaki wa kuchoma au wa kuchemsha 150, majani mengi yenye kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, 160. Maliza na papai, 60. Siku nzima inakuja kama 1,500, na nafasi ndogo ya kukosea. Mwambie anayesonga apunguze unga wa wote kwa gramu 180 badala ya wewe kuacha tonge kwenye sinia. Likibaki, litaliwa. Kulala sogeza mbele kidogo, saa nne na nusu, na pandisha kichwa cha kitanda kwa matofali mawili upande wa mto mpaka kiungulia kitulie. Mito mingi chini ya kichwa haifanyi kazi hiyo, inakunja tumbo.

Mfungo wako sasa ni saa mbili na nusu usiku mpaka saa sita mchana, saa 15 na nusu. Inatosha kabisa.

Jambo moja dogo linalowapotosha wengi: programu za simu huandika 12 mpaka 8, nayo ni saa sita mchana mpaka saa mbili usiku. Wapo wanaosoma 12 wakaanza kula saa kumi na mbili jioni, au wanaosoma 8 wakaacha kula saa nane mchana. Weka simu kwenye saa 24, usome 12:00 na 20:00.

Kengele_Kilo12:

Nami niguse misuli, maana hapo ndipo wengi wanaofunga wanapoumia bila kujua. San Francisco, mwaka 2020, watu 116 walifuatiliwa wiki 12. Waliokula saa sita mpaka saa mbili usiku bila maelekezo mengine ya chakula walipungua wastani wa gramu 940 tu, wenzao waliokula milo mitatu walipungua gramu 680. Mbaya zaidi, kwa waliopimwa mwili kwa undani, sehemu kubwa ya kilichotoka kwa wafungaji haikuwa mafuta. Kuruka mlo kwa kawaida ni kuruka protini yake, na mwili usiopewa protini wala sababu ya kutunza misuli huila.

Lenga gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito unaoutaka. Kama unataka 70, ni gramu 84. Ratiba hiyo ya juu inakaribia: kikombe cha maharage 15, samaki wa mchana 22 hivi, mtindi na yai 13, samaki wa usiku 24, unga, wali na majani kama 12. Ikipungua, dagaa wakavu gramu 20 waliooshwa na kupikwa na nyanya wanaongeza 10 na ushee kwa bei ndogo. Osha mara tatu kwa maji ya uvuguvugu, mchanga na chumvi vitoke.

Sababu ya kutunza misuli ni kuibebesha. Mara tatu kwa wiki, dakika 20: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, 12 mara tatu. Kusukuma mwili kwa mikono kwenye ukingo wa meza imara, 8 hadi 10 mara tatu. Kuinua dumu la lita 5 lililojaa maji kutoka sakafuni kuja kiunoni, mgongo umenyooka, 12 mara tatu, na baada ya wiki tatu dumu liwe la lita 10. Fanya jioni kabla ya kula au Jumamosi mchana. Mazoezi ya kubeba asubuhi na tumbo tupu si dhambi, lakini anayeanza hupata kizunguzungu. Kutembea asubuhi hakuna shida: shuka kituo kimoja kabla, utembee.

Kupima: mzani kila siku asubuhi baada ya choo, kabla ya maji, nguo zile zile. Usitazame namba ya siku, tazama wastani wa siku saba. Karibu na hedhi mwili hushika maji hata kilo moja mpaka mbili, kwa hiyo linganisha wiki hiyo na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Wiki zako mbili za sifuri zinaweza kuwa na hilo ndani yake. Na chukua futi ya fundi cherehani: tafuta mwisho wa mbavu na mwanzo wa mfupa wa nyonga, zungusha katikati yake, pumua nje kawaida, soma bila kubana. Mara moja kila wiki mbili. Kwa mwanamke kiuno kuvuka sentimita 80 ndipo hatari ya kisukari na moyo inapoanza kupanda, kwa hiyo ikishuka kutoka mfano 101 kwenda 98 umefanya kazi kubwa hata kama mzani umenuna.

Baada ya wiki nne za ratiba hii, kama wastani haujashuka hata kilo moja na futi haijasogea, andika siku tatu za chakula kwa gramu, Jumamosi moja iwemo, uzilete hapa. Anza na mafuta: chukua chupa ya lita moja, iandike tarehe siku ya kuifungua na siku ya kuisha, tujue watu watano mnaimaliza kwa siku ngapi.